Treni Haina Usukani

"Mimi sijapotea tangu nizaliwe," Babu Damas aliwaambia wageni siku ya sherehe ya kustaafu kwake, nyumbani kwetu Isevya, mjini Tabora, akiwa ameshika paja la kuku kama kipaza sauti. "Miaka thelathini na sita. Tabora kwenda Kigoma, Kigoma kurudi Tabora. Mvua, ukungu, giza la kuchoma macho. Sijapotea hata siku moja."

Wageni wakapiga makofi. Bibi Apolinaria hakupiga. Alikuwa anakusanya sahani, akasema bila kugeuka, "Treni haina usukani, Damas."

Watu walicheka, nami niliwazidi wote. Wiki tatu baadaye nilikuwa porini na midomo imepasuka, na maneno ya Bibi yalikuwa yamekoma kuchekesha.

Mimi ni Julieth, mjukuu wake, nimemaliza kidato cha nne na mdomo wangu unafahamika hadi mtaa wa Kanyenye. Kwetu babu na mjukuu ni watani, kwa hiyo yeye huniita mke wangu, mimi humwita mume wangu, na Bibi ni mke mwenzangu ambaye hajawahi kunitambua rasmi. Habari hii nitaisimulia kama ilivyokuwa. Sitaongeza chumvi wala sitaficha neno.

Ule ugonjwa wa samaki ulianzia kazini. Kila alipovuka daraja la Malagarasi, akiwa juu kwenye kichwa cha treni, Babu alimwona mtu chini ameketi ukingoni na ndoana, miguu ndani ya maji. Haikuwa lazima awe mtu yuleyule, lakini kwa Babu alikuwa mmoja. Alimwona kwa sekunde arobaini, kisha daraja likaisha. Huwezi kusimamisha treni yenye abiria mia saba ukateremka kumwomba mtu akusogezee nafasi. Basi akaweka nia kwamba siku atakayokabidhi sare, atakaa pale majini mpaka achoke mwenyewe. Hakuwahi kuvua hata dagaa.

Malagarasi ni mbali, kwa hiyo alichagua mabwawa ya mto Wala, yale maji yanayobaki kiangazi mto ukikatika. Bibi alimpa siku tatu. "Jumanne mpaka Alhamisi," alisema. "Ukirudi mikono mitupu, Ijumaa unaanza kunijengea banda la kuku, na habari za samaki nisizisikie tena humu ndani." Babu alikubali masharti haraka, kama mtu asiyejua kwamba samaki nao wana maoni yao.

Usafiri ulikuwa guta la injini, ile pikipiki ya matairi matatu yenye boksi la mizigo nyuma. Alichokipenda zaidi kwenye guta ni vioo viwili vya pembeni. Alivifuta asubuhi na jioni. Na kwa kuwa yeye ni mtu wa reli, hakuweza kuondoka kienyeji. Kwenye treni nyuma kuna gadi. Gadi akiona milango imefungwa na mzigo umekaa sawa, anapunga bendera ya kijani, dereva anaondoka bila swali. Babu aliniteua gadi wa guta. Bendera yangu ilikuwa kipande cha kitenge cha kijani alichokichana kwenye nguo ya Bibi bila ruhusa.

"Mzigo ni wa gadi, safari ni ya dereva," alinifundisha. "Ukinipa kijani, naondoka. Sijawahi kubishana na gadi."

Tulitoka Jumanne asubuhi, mwezi wa tisa, jua likiwa tayari lina hasira. Tulipita Kanyenye akimpigia honi kila aliyemjua na wengi asiowajua. Kijiji cha mwisho tulisimama kwenye duka la kijana mmoja anaitwa Abasi. Nyuma nilikuwa nimekalia sanduku la ndoana, lililokuwa likinichoma mahali nisipoweza kupataja, kwa hiyo pale dukani nilipanga mzigo upya, nikanywa soda baridi, nikamnyima Abasi namba yangu ya simu, nikapanda, nikapunga kitenge. Babu akatazama vioo vyake, akaondoka.

Baada ya hapo alikataa barabara. Pembeni kulikuwa na safu ya miembe mikongwe, iliyoota kwenye njia ya wapagazi waliobeba pembe na vitambaa kati ya hapa na Ujiji. Babu wa babu yake alikuwa mmoja wao. "Mwembe hadi mwembe," alisema, "kama stesheni hadi stesheni. Hii ni reli, mke wangu, ila haina vyuma."

Mwembe wa tisa ulikuwa wa mwisho. Mbele yake kulikuwa na visiki na majivu ya tanuri za mkaa.

"Stesheni ya kumi imekwenda wapi?" niliuliza.

"Tunanyoosha tu."

Shida ni kwamba guta lilikuwa linavuta kushoto. Mtu yeyote aliyewahi kuendesha hata baiskeli angekuwa analirudisha kulia kila baada ya hatua chache. Babu, kwa miaka thelathini na sita, alikuwa hajawahi kukata kona hata moja kwa mikono yake. Kona zote alizikuta zimekwisha kukatwa. Alishika usukani kwa heshima, kifua mbele, na guta lilikoelekea ndiko tulikokwenda. Miti ya miyombo, mingine myeusi kwa moto wa nyasi, ilipita ikifanana kama wanafunzi wa sare moja. Mbung'o walituona tunatoka mbali wakaalikana.

"Babu, jua lilikuwa mbele yetu. Sasa liko bega la kulia."

"Jua linatembea."

"Siyo kwa mwendo huo, mume wangu."

"Gadi hazungumzi na dereva njiani."

Ilipata saa tisa alasiri tairi la mbele lilipoingia kwenye shimo la muhanga, yule mnyama anayechimba vichuguu usiku kutafuta mchwa na kuwaachia wengine makaburi. Guta lilisimama. Sisi hatukusimama. Mimi niliruka nikaangukia mkeka na masufuria. Babu alipita juu ya usukani, na chuma cha madigadi kikamchana mguu kutoka goti mpaka karibu na kifundo. Kioo cha kushoto kilivunjika. Foko, ile mikono ya chuma inayoshika tairi la mbele, ilipinda kama kiwiko. Nilijaribu kulitoa guta kwa kamba, kwa mti, kwa jembe la kuchimbia minyoo. Halikutoka, na hata lingetoka lisingekwenda.

"Lete maji tuuoshe huu," Babu alisema, akiwa amekaa chini, damu ikimiminikia ndani ya kiatu.

Nilifungua boksi. Kulikuwa na ndoana, nyuzi, maboya, unga, chumvi, na chupa ya chai ya Bibi. Lile dumu la njano la lita ishirini halikuwepo.

"Dumu halipo."

Babu alilitazama boksi kwa muda mrefu. Akanitazama mimi. Kisha akatazama kioo kilichobaki.

"Basi limebaki," alisema.

"Umeliacha?"

"Limebaki."

"Mume wangu, mtu anakwenda kuvua samaki anasahau maji?"

"Safari ni ya dereva," alisema, akaanza kuchana mkono wa shati lake. Nilitaka nimfunge kwa kitenge cha kijani, akakataa. Hicho, alisema, ni kifaa cha kazi.

Chai ilikuwa vikombe sita, na sukari ya Bibi ilikuwa ya kuozesha meno. Simu yangu ilikuwa na picha nzuri ya Babu akitabasamu kwenye mwembe wa nne, na mtandao hakuna. Yake ilikuwa imevunjikia mfukoni. Tulilala chini ya boksi, au tuseme tulijilaza. Mbu walilala kwa zamu.

Jumatano alfajiri tukaanza kurudi kwa kufuata alama za matairi yetu. Mpango ulikuwa mzuri na ulidumu saa moja. Alama zilitufikisha kwenye mbuga ya udongo mweusi, mkavu, uliopasuka nyufa za kuingia mguu, na ng'ombe wa watu walikuwa wamepita wakaukanyaga wote. Nilizunguka ile mbuga kama kuku anayetafuta pa kutagia. Matairi matatu yaliingia pale, na hakuna hata moja lililotoka.

"Tunarudi kwenye guta?" niliuliza.

"Kwenye guta kuna nini?"

"Kwenye guta kuna jembe. Tungelichimbia kaburi lile dumu ulilolisahau."

Babu alikata mti wa kuegemea, akaangalia jua, akasema tusubiri saa nne. Saa nne kuna treni ya mizigo inayopiga honi kwenye kivuko cha barabara, na honi ile, upepo ukiwa mtulivu, inasikika maili saba. Tukiisikia, tunajua reli iko wapi. Tulikaa kimya. Alifumba macho, kidole juu. Niliwasikia mbung'o, nikasikia tumbo langu, nikasikia ganda la mti likidondoka. Kidole kikabaki juu mpaka kikachoka.

"Haijalia?"

"Imelia. Sisi ndio hatujaisikia."

"Maana yake nini?"

"Maana yake reli iko mbali kuliko mguu wangu," alisema, akarusha ile fimbo yake kwa nguvu zote. Kisha ikabidi mimi nikamwokotee. Ni mara ya kwanza kumwona Babu akikasirikia kitu kisichoweza kupewa adhabu. Alikaa na mikono magotini, akasema, "Mtu anafanya kazi maisha yake yote. Anaomba kitu kimoja. Kukaa. Kukaa tu pembeni ya maji. Sasa nimekaa, maji yako wapi?"

Nilimwambia asimame.

Tuliamua kwenda magharibi, kwa sababu mto ungekuwa huko au usingekuwepo kabisa. Alitembea mkono mmoja kwenye fimbo na mwingine begani kwangu, na hapo ndipo alipoanzisha mchezo wa stesheni. Kila mti mkubwa tuliopumzika aliupa jina. "Hapa ni Usoke. Hatunywi. Tunakunywa Urambo." Urambo ilikuwa mninga wenye kivuli cha kubania. Tulikunywa kifuniko kimoja kimoja cha chai vuguvugu, ambayo ilizidisha kiu kwa sukari yake. Urambo hadi Kaliua ilikuwa hatua mia nne. Nilizihesabu, kwa kuwa kila hatua alikuwa anavuta pumzi kwa meno. Kitambaa cha mguuni kilikuwa kimekauka na kugeuka gamba, na nzi walikuwa wanakifuata kama abiria waliokata tiketi.

"Lingekuwepo dumu tungekuwa tumeuosha huu mguu," nilisema Kaliua.

"Kweli."

"Lita ishirini, Babu."

"Kweli, mke wangu."

Nilirudia maneno hayo Usinge pia. Ulimi ulikuwa umenata juu ya kinywa lakini kwa hilo ulipata nguvu. Yeye alijibu "kweli" kila mara, kwa upole ambao ulinikera kuliko angenitukana.

Chai ilikwisha Nguruka. Ilikuwa alasiri. Nguruka ulikuwa mti mrefu usio na majani, na Babu alipokaa chini yake hakuwa anakaa, alikuwa anaanguka taratibu. Macho yalikuwa yameingia ndani. Nilimvuta kwapani, akawa mzito kama behewa lililofungwa breki.

"Stesheni inayofuata ni ipi?" nilimuuliza, ili azungumze.

"Malagarasi."

"Basi twende Malagarasi. Yule mtu wako anakusubiri."

"Nenda wewe. Mimi nitakuja na ya kesho."

Hapo ndipo nilipolia, ila kidogo, na machozi yenyewe hayakutoka. Mwili ulikuwa umegoma kuyatoa. Niliinua uso kwa hasira kuitukana mbingu, nikaona gogo limening'inia kwenye tawi. Lilikuwa mzinga wa nyuki, kipande cha mti kilichotobolewa, kimefungwa kwa kamba za magome, na ubavuni kimechorwa alama ya mwenyewe, mistari miwili iliyokatana. Mzinga una mwenyewe. Mwenyewe ana miguu, na miguu haiji mpaka hapa bila maji.

"Babu. Angalia juu."

Aliangalia. Kisha kidole chake kikapanda, kama asubuhi.

"Wanatoka wakielekea upande mmoja," alisema. "Wote. Ona. Na wale wanaorudi wanapita chini, wazito, njia ileile." Alimeza mate ambayo hakuwa nayo. "Mke wangu, hawa wana reli."

Sijui alipata wapi nguvu. Mtu aliyeshindwa kunyoosha guta siku nzima alinyooka nyuma ya wale nyuki kama aliyepewa ratiba. Hawakuonekana vizuri, tulikuwa tunasimama, tunasikiliza ule mvumo mwembamba ukipita masikioni, tunakwenda hatua kumi, tunasimama tena. Alinishika bega mpaka kucha zikaingia. Tulipita kichaka cha miiba ambacho mtu mwenye akili angekizunguka, lakini nyuki walikatiza, na Babu akakatiza. Tulitokea kwenye mwamba mpana, na chini ya mwamba kulikuwa na maji yasiyozidi ukubwa wa mkeka, ya rangi ya chai ya maziwa, ukingo wote umejaa nyuki waliopanga mstari wakinywa.

"Malagarasi," Babu alisema, akapiga magoti.

Nilitoa kitenge cha kijani, nikakitandaza juu ya maji, tukanywa kupitia hapo ili matope yabaki nje. Nyuki wawili walinichoma mdomoni na sikuacha kunywa.

"Nani anachafua maji ya nyuki wangu?" sauti iliuliza nyuma yetu.

Alikuwa mama mmoja wa makamo, kiunoni amefunga kaniki, mkononi ana shoka dogo na kicha cha nyasi kilichokuwa bado kinafuka moshi. Jina lake Minza, na alikuwa kwenye kambi ya kurina asali.

"Shikamoo, mama," nilisema kwa midomo iliyovimba.

"Marahaba. Mmetoka wapi na hizo ndoana?" Kwa maana Babu, katika kuacha kila kitu kwenye guta, hakuacha ndoana. Zilikuwa zimechomekwa kwenye kofia yake.

"Isevya," Babu alisema. "Nimekuja kuvua."

Minza alimtazama mguu, akatazama yale maji ya mkeka mmoja. "Humu?"

"Mto Wala uko mbali?"

"Huo hapo nyuma ya kichuguu. Ungekohoa, samaki wangekusikia."

Alitupeleka kwenye kibanda chake cha majani, akatupa uji mwembamba kwa vijiko, akakataza tusigombanie. Mguu wa Babu aliuosha kwa maji ya moto, akaupaka asali mbichi mpaka ukang'aa, akaufunga. Babu alivumilia yote kimya. Alipomaliza aliuliza swali moja tu, kama angeruhusiwa kwenda kukaa mtoni.

"Kesho," Minza alisema. "Leo hata samaki wangekuonea huruma."

Alhamisi asubuhi alikuwa kwenye bwawa la Wala kabla ya umande kukauka. Mguu mbovu aliuweka juu ya gogo, mzima akautumbukiza majini. Kufikia saa tano alikuwa amepata kambale mmoja, mdogo kiasi cha kuombewa msamaha, na alimweka kwenye ndoo yenye maji akawa anamwangalia kila baada ya dakika chache. Hakuwa anazungumza. Sijawahi kumwona mtu ametulia vile. Mimi mwenyewe nilijikuta napunguza sauti.

Siyo kwamba niliacha kuongea. Mimi na Minza tulikuwa tumeketi nyuma yake tunakamua masega, na nilikuwa namsimulia safari yetu, kwa sababu mtu aliyekuokoa ana haki ya kujua amemwokoa nani. Nilimweleza miembe tisa. Nilimweleza shimo la muhanga, nikaruka jinsi nilivyopiga kelele. Nilipofika kwenye maji, nilisimama kabisa, sega mkononi.

"Sasa fikiria, mama. Mzee mzima, miaka thelathini na sita kazini, anakwenda porini mwezi wa tisa, anasahau dumu zima la maji. Kama isingekuwa mimi kuuona ule mzinga..."

Pikipiki ilisikika ikija kwenye njia ya warina asali. Ilitokeza kwenye miti, vumbi tupu, na aliyekuwa juu yake alikuwa Abasi wa dukani, shati limechanika kwa miiba. Nyuma ya kiti, limefungwa kwa mpira, lilikuwepo dumu la njano.

"Nimewatafuta tangu jana jioni," alisema, hata kabla ya kuzima. "Nimekuta guta, nikafuata nyayo na tundu za fimbo, nikapotea, warina asali wakanielekeza. Mzee, shikamoo."

"Marahaba," Babu alisema bila kugeuka, macho kwenye boya.

Abasi alifungua mpira, akalibeba dumu kwa mikono miwili, akaja akaliweka mbele yangu.

"Namba uliniambia ni siri," alisema. "Sawa. Lakini dumu ulilishusha mwenyewe, dada. Ukaniambia nikushikie kidogo, unapanga mzigo upate pa kukaa. Nimekushikia siku mbili."

Minza aliacha kukamua. Asali ilidondoka kwenye sufuria, tone, halafu tone. Nilitazama mgongo wa Babu. Ule mgongo nilikuwa nimeuegemeza begani Usoke, Urambo, Kaliua, Usinge, na kila stesheni nikaupiga kwa lile dumu.

"Ulijua?" nilimuuliza.

"Guta lina vioo viwili," Babu alisema. "Nilikuona ukilishusha. Sikukuona ukilipandisha."

"Sasa kwa nini uliondoka?"

"Ulinipa kijani."

Aliinua ndoana polepole, akakuta chambo kimeliwa, akaweka kingine. Mikono yake haikuwa na haraka. Abasi alitazama huku na huku, kama mtu aliyeingia kwenye nyumba ya watu wanaogombana kwa lugha asiyoijua. Nilifungua dumu. Nilijaza kikombe, nikakipeleka ukingoni, nikampa Babu kwa mikono miwili kama mtoto aliyetumwa kwa mgeni. Alikunywa yote, akanirudishia.

"Ni matamu," alisema. "Yamekaa juani lakini ni matamu."

Nilirudi kukaa. Nilichukua sega langu nikaanza kulikamua kwa bidii sana, uso chini. Nilitumaini kwamba watu wazima wanajua kupuuza mambo.

"Endelea basi kusimulia, mwanangu," Minza alisema. "Ulikuwa umefika pale mzee aliposahau."